Mierezi ya Ng'ambo ya Kijito

Ozella Tarver alifungua kabati jipya, akaingiza kichwa ndani mpaka mabegani, akakaa humo kitambo akivuta pumzi. Ilikuwa siku yake ya kwanza nyumbani baada ya miezi kadhaa kwa binti yake mjini Montgomery, alikokwenda kutengenezwa nyonga. Mdogo wake, Hosea, alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akijizuia kutabasamu.

"Mwerezi," alisema Ozella, sauti ikitokea ndani ya mbao.

"Mwerezi mtupu, dada. Nondo hawatagusa koti lako la kanisani mpaka Bwana arudi."

"Na paa?"

"Bati jipya, nyumba nzima. Zile sufuria zako za kukingia mvua, sasa unaweza kuzipikia."

Ozella alicheka, akapapasa ubao kwa nyuma ya vidole. "Umeutoa wapi? Siku hizi mwerezi mzuri kama huu hata kwa dawa huupati."

"Wetu wenyewe. Ule wa ng'ambo ya kijito, pale konani. Nilimwambia yule kijana wa magogo anipasulie wa kutosha kabati, uliobaki auchukue na misonobari."

Kicheko kilikatika. Ozella alilifunga kabati polepole, kwa kiganja kizima, kama afungaye mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Kisha akachukua mkongojo wake, akaenda jikoni.

Hosea hakuelewa kosa lake, na hakuwa na sababu ya kuelewa. Katika kaunti ya Attoway miti ndiyo benki. Babu yao aliinunua ardhi hii ikiwa imechakaa kwa pamba, wakati wazungu walioichakaza walikuwa wameshaichoka. Akalima pamba hiyo hiyo, kwa kuwa hakujua zao jingine. Wadudu wakaila pamba, vijana wakapanda treni za kaskazini, na mashamba yakarudi kuwa msitu. Msonobari ndiye mtoto pekee wa Attoway ambaye hakwenda Detroit. Kiwanda cha karatasi kilikuja kikaula, kikafungwa. Sasa waliobaki wananyonyoa kuku kiwandani kwa zamu, na paa likivuja, mtu anauza misonobari. Ndiyo maana Hosea alipompigia dada yake simu hospitali, alijibiwa kwa maneno mawili: uza misonobari. Hakutaja mierezi. Ukimwachia mtu nyumba, humkumbushi asiwashe moto kitandani.

Alimkuta jikoni, amekaa, mikono imelala mezani.

"Kaa, Hosea. Mama kalala wapi?"

"Mama? Si kanisani, kando ya baba."

"Nani kakwambia?"

Hosea alifungua mdomo, akatafuta jina la mtu aliyemwambia, asilipate.

"Kando ya baba yuko Lurleen," alisema Ozella. "Yule mke aliyemwoa baada ya mama, akamtangulia kufa. Kwa hiyo kila ulipokuja toka kaskazini na yale maua yako meupe, ukayaweka pale, ulikuwa unampelekea Lurleen?"

"Hapakuwa na jina, dada. Nilidhani..."

"Mama angefufuka akuchape." Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikatulia. "Kabla hujazaliwa kulikuwa na mapacha. Hawakumaliza hata juma. Hapakuwa na uwezo wa jiwe, basi baba akapanda mwerezi kichwani kwa kila mmoja, kama wote wa hapa walivyofanya. Haupukutiki, na unaishi kuliko wanaokumbuka. Mama alipoona siku zake zimekwisha, akasema asipelekwe kanisani, alazwe na watoto wake. Mwerezi wa tatu niliupanda mimi kwa mikono hii. Kila Agosti nakwenda kufagia pale, nisione jani, maana nyasi juu ya kaburi ni aibu ya walio hai. Na upande wake wa kulia niliacha nafasi. Hapo ndipo nilipotaka mnilaze."

Hosea aliitazama meza. Mama yao alikufa kiangazi kile ghasia zilipoiwasha moto Detroit, alikokuwa akiishi Hosea, na askari wakaziba barabara. Hiyo ndiyo sababu aliyokuwa akiitoa ya kukosa mazishi, na watu waliipokea, kwa kuwa ilikuwa kweli. Lakini barabara zilifunguliwa baada ya siku chache, naye alikaa miaka minne bila kuja. Kwanza kazi, kisha aibu ya kuchelewa, kisha mazoea. Alipokuja hatimaye, baba naye akiwa keshazikwa, alikwenda moja kwa moja kanisani, akaona jiwe la baba na udongo mtupu kando yake, akashukuru kimoyomoyo kwamba hakulazimika kumuuliza mtu. Kumuuliza mtu mama yako kalala wapi ni kukiri kwamba hukuwepo. Kwa hiyo hakuuliza, na kwa kuwa hakuuliza, kila mtu alidhani anajua.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliulizwa yeye. Yule kijana wa magogo, Hinkle, mzungu mwenye uso uliochomwa na jua na mashine ya kukopa, alizima injini yake siku ile ya kukata, akaja mpaka chini ya ngazi.

"Mzee Tarver," alisema, "ile mierezi mitatu imekaa kama imepandwa na mtu. Niiache?"

Na Hosea, akiwa juu ya paa na misumari mdomoni, alimpungia mkono. Kata.

Ozella alitaka kwenda kuona. Hosea aliendesha pikapu kwa kutambaa, akikwepa mashimo kwa ajili ya nyonga ya dada yake, na hakuna aliyewasha redio. Walipovuka kijito, nchi ilifunguka ghafla. Hinkle alikuwa mtu wa kazi safi: mashine yake iling'oa hata visiki, ikavisukuma pamoja vikachomwa, ikausawazisha udongo mwekundu tayari kwa miche ya majira ya baridi. Hapakuwa na jani hata moja. Mahali pote palionekana kama kaburi moja kubwa lililofagiwa.

Ozella aligeuka kitini, akatoa miguu nje ya mlango, lakini udongo ulikuwa umetifuliwa mno kwa mkongojo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, mkono juu ya macho.

"Ilikuwa mbele ya ule mwaloni uliopinda," alisema. Mwaloni haukuwepo. "Ukitoka kijitoni ulikuwa unapita mti mmoja mkavu..." Akashusha mkono. "Vyote nilivyopimia vilikuwa miti."

"Nitamwita Hinkle. Atakumbuka."

"Hinkle amekata miti ya kaunti nzima. Atakumbuka ya nani?"

"Dada, laiti ningejua..."

"Hukujua. Najua hukujua. Ndicho kinachonichoma." Aliyasema haya bila ukali, kwa uchovu tu, na Hosea angependa zaidi kupigwa kwa mkongojo.

Upepo uliinua vumbi jekundu, ukalitua. Kisha Ozella akasema, "Nenda uchague wewe."

"Nichague nini?"

"Mahali. Tembea, usimame panapokujia moyoni, nami nitasema ndipo. Tutapanda mwerezi, tutafagia. Nitalala hapo. Sitaki kufa nimekukasirikia, Hosea. Umri wangu hauna nafasi ya hasira ndefu."

Hosea alishuka. Udongo ulimeza viatu vyake mpaka vifundoni. Alitembea kuelekea pale alipodhani ni konani, akasita; palifanana na pengine pote. Alitazama nyuma. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni mwa pikapu, kidevu juu ya mkongojo, akingoja kwa subira ya mtu aliyeshakubali jibu lolote.

"Hapo?" aliita.

Angeweza kusema ndiyo. Popote ambapo angesimama pangekuwa kaburi la mama yake kuanzia siku ile, na Ozella angeishika ahadi yake mpaka kufa.

"Bado, dada," alisema Hosea, akaendelea kutembea.