Bundi Juu kwa Bi Mwanaesha

Mimi ndege siwapendi. Nasema mapema, mtu asije akanipamba. Bundi yule nilimwokota kwa hasira, si kwa huruma. Kunguru walimzunguka kichochoroni nyuma ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, kundi zima kwa mmoja, wanamdonoa, na bawa lake limevunjika. Nikawavurumishia kiatu. Alikaa kwetu mpaka bawa likaunga, akaenda zake bila hata shukrani. Lakini mimi kuzungukwa nakujua, tangu mume wangu Gharib alipofariki.

Aliyenizunguka ni wifi yangu Sheikha, dada wa marehemu. Yeye alikaa chini. Mimi nilikaa orofani na mama yao, Bi Mwanaesha, aliyekuwa hawezi tena ngazi; sanduku langu la nguo lilibaki chini, ukumbini. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha. Kwa Sheikha mimi ni mtu wa mtaa wa Majengo tu, si wa Mji wa Kale, niliyeingia nyumba ya watu kwa ndoa, na ndoa imekwisha. Mwaka ule wa sitini na nne kila mtu akiimba uhuru, yeye uhuru wake ni kuniona natoka na sanduku langu. Na mimi sikuwa na pa kwenda.

Alipomwona bundi alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka nje.

“Lahaula! Umemletea mama mauti ndani!”

“Bawa likiunga ataondoka.”

“Ataondoka na roho ya mama! Sasa sikiza, wifi. Siku bundi huyo atakapolia, wewe huna nyumba hapa.”

“Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,” nikamwambia. “Yangu nimeshaizoea.”

Mama mkwe ndiye aliyekata maneno. “Mlete hapa,” akasema. “Na mimi nipate wa kunitazama.” Tukamfunga mguu kwa utambaa wa kanga, akakaa kwenye mti wa kitanda. Mama akawa anamlisha maini kwa mkono wake mwenyewe.

Tokea hapo Sheikha akaapa hapandi juu. Kabla ya hapo pia alikuwa hapandi, lakini sasa alipata sababu. Mama akimwita kutoka juu, “Sheikha! Sheikha mwanangu!”, yule huko chini huongeza sauti ya redio. Wallahi nilimchukia.

Siku moja adhuhuri nikaenda sokoni Marikiti kununua maini. Nilipokunja kona ya kurudi nikaona jeneza la msikitini limeegemezwa mlangoni kwetu. Wanaume wamesimama kimya, wanawake wametandika mikeka, wanalia. Sanduku langu liko njiani, kanga zangu zinaning'inia nje.

Sheikha akaniinukia, macho mekundu. “Bundi amelia mchana kweupe, mtaa mzima umesikia! Mama hatunaye. Toka, muuaji!”

Kikapu kikaniponyoka. Nilimwamini. Nilipanda ngazi zile nikilia, najilaumu kwa kumwacha afe peke yake.

Mama alikuwa amekaa kitandani na upepeo mkononi, anamfukuza kunguru aliyetua dirishani. Bundi amejitutumua, anampigia kunguru yule makelele.

“Mbona umechelewa?” mama akaniuliza. “Na hao chini wanamlilia nani?”

Nikakisukuma kitanda mpaka dirishani, nikamshika mabega, akachungulia. Akaliona jeneza lake.

Kilio kikakatika. Mwanamke mmoja akatoa shahada kwa sauti.

“Sheikha,” mama akasema, “ulipanda kunitazama?”

“Mama… ndege alilia.”

“Ndege amelia leo tu, ukamsikia. Mimi nakuita tangu Ramadhani.”

Sheikha alijifunika uso kwa buibui, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwonea huruma hata chembe.

Mama akawageukia wanaume. “Jeneza lirudisheni, bado sijaliagiza. Lakini msiondoke bure. Sanduku la mwanangu liko njiani.”

Wale waliokuja kubeba maiti wakanibebea sanduku langu mpaka juu, na Sheikha ikambidi awapishe.