Siku ya Kulisukuma Gari la Mzee Mulud

Jambo la kwanza aliloligundua Mahjuba utotoni ni kwamba baba yake husikia hitilafu kabla gari halijakohoa. Mzee Mulud hukatiza hadithi, akatega sikio, kisha akaishikilia gia ya pili kwa goti, kwani isiposhikiliwa huruka. Gari lilikuwa la jeshi. Alilipata vitani, likazeeka mikononi mwake. Starta ilikufa zamani, kwa hiyo aliliegesha mteremkoni, pua ikitazama chini. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya ngamia. Pampu ya petroli ilivishwa kitambaa, nacho kilitakiwa kuloweshwa kila jua linapokuwa kali, la sivyo petroli huchemka na injini ikazima.

Msimu ule mvua ilinyesha jangwani, wakawafuata ngamia malishoni: mzee, Mahjuba na Hamdi mumewe. Mama yake Mahjuba alibaki kwao, katika kambi ya wakimbizi. Mahjuba alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kwa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, binti hamwoneshi baba yake mimba ya kwanza. Hujitanda shuka lake vizuri, na baba hujitia haoni. Mulud hakuhitaji kujitia. Hakuona.

Naye Hamdi, kama mkwe yeyote mwenye adabu, hakumkabili baba mkwe. Hakula mbele yake, hakunywa chai mbele yake, uso aliuficha ndani ya kilemba.

Asubuhi moja Mahjuba aliona damu. Hamdi alikwenda kwenye hema la jirani, akamwomba amwambie mzee kuwa wanataka kurudi kambini. Sababu haikutajwa. Mzee alikubali bila kinyongo, akapakia kiriba cha maji, birika na mkaa.

Jua lilipofika utosini, kwenye uwanda tambarare kama kiganja, gari likazima. Mulud alifungua boneti, akakimwagia kitambaa maji polepole kama anayenywesha ndama, kisha akatandika mkeka kivulini na kuwasha mkaa. Gari lazima lipoe, alisema. Mwenye haraka asipande kizee.

Hamdi alimvuta mkewe nyuma ya gari.

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Yule ni mkwe wangu, Mahjuba. Nitamtazama kwa macho gani?"

"Na mimi ni baba yangu."

Mzee akaita kutoka upande wa pili. "Binti yangu, njoo unywe chai. Mwache huyo azungumze na tairi."

Mahjuba alikwenda, akapokea bilauri. Maumivu yalikuja, yakapita, yakaja tena. Mulud alilipigapiga gari ubavuni.

"Hili ni kama mwanamke mwenye haya," alisema. "Haliombi kitu. Lakini likiumia, mimi najua."

Gari lilipopoa, ikabaki kazi ya kuliwasha. Klachi ile ilimjua Mulud peke yake; mwingine akiiachia, gari hushtuka na kuzima. Basi mzee akakaa kwenye usukani. Hamdi alimwashiria mkewe asisogee, akasukuma peke yake mpaka miguu ikazama mchangani. Gari halikutikisika.

Mzee akatoa kichwa nje. "Mahjuba, mama, tia bega. Huyo peke yake hasukumi hata mbuzi."

Angekaa chini kwa kisingizio gani? Akatia bega. Akasukuma meno yakiwa yameumana, na Hamdi kando yake akilia ndani ya kilemba, asisikike. Gari likakohoa, likawaka. Njia nzima mzee alilisifu.

Kambini mama yake na wanawake wengine walimkimbiza hospitali. Kabla ya magharibi hapakuwa na mtoto tena. Mzee aliambiwa ni tumbo tu, akachinja mbuzi na kumpelekea bintiye nyama apate nguvu.

Miezi ikapita. Siku moja Mahjuba alimpelekea baba yake maji, akamkuta kalala chini ya gari, miguu tu ikionekana. Mzee aliomba spana, akapewa. Akaanza kukumbuka safari ile: namna gari lilivyowaweka juani, namna lilivyoamka lilipotiwa bega. Kizee kisumbufu, alisema, lakini halijawahi kumwacha mtu njiani; hata siku ile liliwafikisha wote.

Mahjuba alisimama pale. Uso wa baba hakuuona, wala baba hakuuona wake, na labda ndiyo maana sauti ilitoka.

"Hatukufika wote, Baba. Nilikuwa na mimba. Nililisukuma nikiwa nayo."