Bwana Iko Inje, Anapaki Motokari

Mimi natambua mimba kabla mwenye tumbo hajajua, uliza mtaa wote wa Naviundu. Ya Delphine niliitambua siku ileile aliponiambia.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya kuku wake anayeatamia, amenipa mgongo, mkono umezama mpaka kiwiko chini ya manyoya. "Nkambo Ngalula," akasema, maana mimi ndiye bibi wa mtaa, "niko na mimba." Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Kisha akachomoa yai, akalifuta kwa kitenge chake, akaingia nalo chumbani.

Hiyo ndiyo kazi yake. Barabarani ana meza ya mayai ya kuchemsha na kikopo cha pilipili, lakini watu wanamjua kwa mayai ya kuangua. Wenye kuku wanamletea, anayaweka chini ya kuku wake, na siku zikipita kidogo anayachungulia. Anashusha pazia, anawasha tochi ya simu ndani ya katoni ya viatu, anaweka yai juu ya tundu. Yai lenye uhai linaonyesha nyuzi nyekundu zinazotoka kwenye doa, kama buibui mdogo anayejinyoosha. Lisilo na kitu linawaka tupu, kama taa.

Tundu la katoni lilitobolewa na mume wake, Donat, ndoa yao ikiwa mpya. Siku hizo walichungulia pamoja, vichwa vimegusana. Nilisikia kila neno, maana ukuta wetu ni mmoja na masikio yangu ni mazima kuliko magoti. Yai likiwa tupu, Donat alitangaza: "Nyumba ya kupangisha!" Likiwa na uhai: "Iko mutu!" Na Delphine alicheka kwa sauti ambayo sasa ukuta umeisahau.

Kisha akazaliwa Abigaïl. Macho yake yalipanda kidogo pembeni, na ulimi wake, mvivu wa kusema, ulikuwa hodari wa kutoka nje kutusalimia. Madaktari walisema ni trisomie, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, wakasema pia moyo haukufungwa vizuri. Donat alimbeba mabegani kila Jumapili kwenda misa, akimwonyesha watu kama mtu aliyenunua redio mpya. Moyo ule haukufika mbali. Baada ya mazishi Donat akapata kazi Sakania, kule mpakani, kupakia na kupakua mizigo ya treni, akaondoka na mfuko mmoja. Na hapa mtaani tukaacha kumwita mke wake Mama Abigaïl. Haikuwa kwa ubaya, kila mmoja alidhani anamwonea huruma. Akarudi kuwa Delphine tu, kama msichana ambaye hajawahi kuzaa.

Mimba hii ni ya Pasaka. Donat alikuja, akafuliwa nguo, akarudi Sakania kabla hazijakauka vizuri.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimwambia taratibu: kwa umri wake, na kwa sababu ya yule wa kwanza, mjini kuna kliniki za binafsi zinazochukua damu na kufanya écho kubwa, ile picha ya tumbo inayopima shingo ya mtoto na kuangalia moyo. Si lazima. Ila inafanywa mimba ikiwa bado changa, na inalipiwa.

Jumapili Donat alipopiga simu, Delphine akaweka sauti ya nje, akamweleza.

"Enda," Donat akasema. "Franka natuma. Hata nikope, natuma."

"Na bakisema haiko muzuri?"

Nyuma ya Donat mabehewa yaligongana.

"Nitajua."

"Utajua, na kisha?"

"Delphine, mi siwezi kuzika mara ya pili. Bakisema iko muzuri, nakuya mbele ya kuzaa, nakaa. Bakisema haiko muzuri..." Treni ikapita juu ya maneno yaliyobaki.

Basi ikawa si mtoto peke yake aliyekuwa anakwenda kupimwa. Hata mume alikuwa anakwenda kupimwa.

Pesa zilifika, zikakaa ndani ya simu. Delphine akawa anafungua ujumbe, anausoma, anaufunga, kama mpishi asiyeacha sufuria ipumue. Zingetosha, zilikuwa halali, na siku za kupimwa zilikuwa zinaondoka. Akichambua mayai, nilimsikia akiongea na kuku: "Wewe nani alikupima?" Kuku, mwenye akili, hakujibu.

Mlango wangu uko karibu na wake kuliko choo chake. Hakunigongea. Labda aliogopa mdomo wangu, na hapo simlaumu.

Alhamisi, na haya alinisimulia mwenyewe baadaye, akavaa kitenge cha kanisani, akapanda wewa, pikipiki ya abiria, akashuka mjini mbele ya kliniki yenye vioo. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, na makochi laini kiasi kwamba mwenye mimba akikaa lazima avutwe kuamka. Kila mwanamke alikuwa na mvutaji wake. Mmoja mume wake alimshikia sakoshi, mkoba wake wa mkononi, ameibana kwapani kama jogoo wa kupeleka sokoni.

Mapokezini alikaa dada mmoja, jina lake Christiane limebandikwa kifuani.

"Mama, uko na nani?"

"Niko na nani vipi?"

"Mutu wa kukusindikiza. Majibu ya hii examen hatupatie mutu mwenye kuwa peke yake. Docteur anataka abaone babili, aeleze pole pole. Hata dada, hata jirani."

Delphine akaangalia mlango wa kioo. Nje jua lilimeta kwenye migongo ya magari.

"Bwana yangu iko inje," akasema. "Anapaki motokari."

Donat hana hata baiskeli.

"Basi ikala kwanza, mama. Akifika nitakuita."

Akakaa. Kochi likammeza. Kila mlango ulipofunguka, Christiane aliinua macho, na Delphine naye akainua, kwa heshima tu, kama vile kweli angeingia mtu akipepea funguo. Akaingia mzee mwenye mkongojo. Akaingia mwanamke anayeuliza choo. Wale waliomtangulia waliitwa wawili wawili, wakatoka wawili wawili. Mwenye sakoshi ya jogoo alitoka ameshika picha nyeusi, anaigeuza huku na huku, anamwuliza mke wake kichwa kiko wapi.

"Iko anapaki wapi, Kasumbalesa, kule mupaka ya Zambia?" mwanamke wa kando akamtania. "Ndio banaume! Yangu anaweza kuzunguka mpaka ashindwe kuona hata nyumba yake."

Delphine akacheka naye. Muda ule alikuwa na mume, mume mzito wa kupaki, na haikuwa vibaya.

Kisha akatoa simu akampigia Donat. Ikaita mpaka ikachoka. Wakati ule Donat alikuwa chini ya mzigo, wapi angeisikia. Delphine akaiweka simu pajani, kioo kikiangalia chini. Hata neno zuri wangempa, angelibeba peke yake kwenye pikipiki, nyuma ya kijana asiyemjua. Na hilo lingine, je? Angelishusha wapi? Kwenye meza ya mayai?

Christiane akaja mwenyewe, akainama karibu naye. "Mama," akasema chini chini, "kama bwana hapati fasi, unaweza kurudi siku ingine na mutu mwingine. Hakuna mubaya."

"Hapana, dada. Niende nimuonyeshe fasi ya kupaki."

Akajivuta kutoka kwenye kochi. Na alipofika nje, msimcheke, alisimama kidogo akaangalia magari.

Nyumbani alivua kitenge cha kanisani, akashusha pazia, akakaa chini na katoni yake. Mayai, moja baada ya jingine, akayapitisha juu ya tundu, na hakutangaza chochote. Akafika kwenye moja lenye wasiwasi: doa lipo, uzi unaonekana mmoja, tena kama unaonekana kwa kupenda kwako tu. Mayai ya namna hiyo wengine wanayatoa mapema, yasije yakaoza na kuharibu wenzake. Delphine huyarudisha chini ya kuku. Hili alikuwa bado amelishika simu ilipolia.

"Ulienda?"

"Nilienda." Hapo hakudanganya.

"Balisema nini?"

"Balisema iko muzuri."

"Moyo?"

"Moyo unapiga. Muzuri kabisa."

"Na shingo?"

"Shingo iko fasi yake."

Upande wa pili Donat akashusha pumzi, ndefu, kama ameweka gunia chini. "Delphine. Delphine, basi nakuya. Naongea na chef, nakuya." Kisha akasema: "Nitumie picha. Kule banapewaka picha."

"Network iko mubaya."

"Iko muzuri, nakusikia sawa vile uko hapa."

Donat akakata, ili ampe nafasi ya kutuma.

Delphine akabaki pale chini. Akaliangalia yai. Tochi ya katoni ilikuwa ya simu ileile ya kupigia picha, kwa hiyo akatafuta tochi ndogo ya wakati umeme unapokatika, akaiingiza humo badala yake. Akaliweka yai juu ya tundu, akalishikilia lisiviringike, akalipiga picha. Nyekundu akaigeuza nyeusi na nyeupe, kama Princesse wa saluni alivyomfundisha kutengeneza sura yake kwenye picha. Akaitazama. Giza, ukungu wa mviringo, doa dogo katikati. Akatuma kabla moyo haujabadilika.

Akangoja. Hata mimi, upande wangu, niliacha kutafuna.

Simu ikalia.

"Nimeona," Donat akasema. "Iko kidogo."

"Ni mimba changa."

"Na inaangalia upande gani?"

"Upande ya... ukuta."

"Mm." Hakuna treni iliyopita kumsaidia mtu. "Na docteur wa kule, ni ye anatia kidole mu picha?"

Delphine akaifungua picha. Pembeni, cheupe kwa mwanga, kidole gumba kimelishikilia yai, na ukucha wake umepasuka katikati. Mlango wa kibanda cha kuku uliubana mwaka ule katoni ilipotobolewa, na aliyeufunga kwa kipande cha kitenge, akiupuliza kama uji, alikuwa Donat.

"Ile kidole naijua, Mama Abigaïl."

Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo tangu makaburini. Yai lilikuwa limerudi kiganjani mwake, na mwanga wa katoni, uliokosa kitu cha kuuzuia, ulichora duara dogo juu kwenye mabati.

"Uko?" Donat akauliza.

"Niko."

"Ile yai itapoa. Chungulia tena mbele ya kuirudisha." Akakohoa. "Iko mutu?"

Delphine akaliweka yai juu ya tundu, na duara likatoweka kwenye mabati.