Sanduku Chini ya Meli

Meli ilikuwa ndefu kuliko mtaa wao, nyeupe pee, na kila aliyesimama mlangoni alikuwa ameamriwa kuchekelea. Kipaza aliliona hilo kabla ya kuona kitu kingine. Mtu anayecheka kwa hiari yake hufika mahali akapumzisha mdomo. Hawa hawakupumzisha.

"Karibuni nyumbani!"

"Nyumbani kwangu huwa sikaribishwi na mgeni," alinong'ona.

"Haya, anza," alisema mkewe. "Hata mguu wa pili hujaingiza, ushaanza."

Jina la Kipaza alilipata kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, mwaka ule wafuaji walipogoma. Shule hakuwa nayo ya maana, vitabu vya kuazima tu, lakini alipanda juu ya pipa la sabuni akasema mpaka mwenye mali akachungulia dirishani. Sasa amestaafu, mkewe naye amestaafu, na binti yao kawakatia tiketi ya safari ya starehe kwa kampuni ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia.

Meli walizozijua wao ni zile za zamani, unabeba mzigo wako mwenyewe na usiku unaulalia kama mto. Hapa masanduku walinyang'anywa getini, kwa adabu zote. "Msijisumbue, mtayakuta mlangoni pa chumba chenu." Mkewe, ambaye nyumbani humwita Mama, akaachia lake. Ndani yake, kwenye kimfuko cha barafu, mlikuwa na insulini yake. Asubuhi, kwa zile pilikapilika za kutoka, hakujidunga. Alijua atajidunga akifika chumbani.

Chumba hakikuwa na dirisha. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya bahari, kama kwamba waliolipia bei ya chini wanatakiwa kuiona bahari kwa kuikumbuka. Mlangoni walilikuta begi la Kipaza. Sanduku la mama halikuwepo.

Walisubiri. Wakaenda kula, maana chakula kilikuwa kimeanza na tumbo halisikii habari za masanduku. Waliporudi, mlangoni palikuwa patupu vilevile. Mama alikunywa chupa ya maji, akafungua nyingine, akaenda chooni, akarudi, akaomba maji tena.

"Usinikodolee macho hivyo. Sijafa."

"Sijasema umekufa."

"Macho yako yanasema."

Zahanati ya meli ilikuwa imefungwa mpaka meli ing'oe nanga. Pale kaunta ya mapokezi, msichana mwenye skafu ya kampuni shingoni alimwambia, "Baada ya zoezi la usalama, baba." Kipaza akaeleza habari ya dawa. "Naelewa kabisa, baba. Baada ya zoezi." Ikabidi wasimame sitahani na wenzao, wamevaa maboya ya kifuani kama ndama waliofungwa mbao wasinyonye, wakifundishwa kupuliza filimbi. Mama alikuwa ameegemea nguzo, midomo imemkauka.

Zoezi lilipokwisha Kipaza alimrudisha mkewe kitandani, akaelekezwa chini, chini kabisa, ambako zulia linaishia na bati linaanza. Kulikuwa na foleni ya watu ambao mizigo yao ilizuiwa. Nyuma ya kizuizi alisimama mlinzi wa makamo, mvi masikioni, sare imembana tumbo.

"Sanduku hili lina pasi," mlinzi alisema. "Pasi hairuhusiwi melini. Inaleta moto."

Pasi ilikuwa ya Kipaza mwenyewe. Tangu ule mgomo aliapa kwamba shati lake halitanyooshwa na mfanyakazi mwingine maisha yake yote, na begi lake lilipojaa aliisukumiza chini ya nguo za mkewe bila kumwambia.

"Itupeni baharini hiyo pasi. Nipe dawa ya mke wangu tu."

"Mzee, mpaka mkuu wetu aje afungue mwenyewe. Yuko juu anapokea wageni wakubwa."

"Ufunguo si huo hapo kiunoni?"

"Ndio huu. Aliyekuwa hapa kabla yangu alifungua bila ruhusa, akateremshwa bandari iliyofuata. Nina watoto shuleni, mzee wangu."

Kipaza alikuwa na hotuba ya matajiri na hotuba ya wanyapara. Ya mtu huyu hakuwa nayo. Akageukia foleni, akapandisha sauti ile ya kwenye pipa: "Ndugu zangu! Tukisimama pamoja hapa, huyo mkuu atashuka mbio!"

"Mzee, mimi nimekuja kupumzika," alisema mtu mwenye kaptura. Mwingine aliinua simu akaanza kumpiga picha.

Simu yake mwenyewe ikalia. "Natapika," mkewe alisema, na sauti ilikuwa ndogo, si ya mwanamke yule anayemjua. Mlinzi aliisikia. Alitazama ngazi, akatazama sanduku, akafungua, akapekua haraka akatoa kimfuko. "Shika. Kimbia."

Lakini kelele zilishafika juu. Mkuu aliteremka taratibu, meno yote nje. "Pole sana, mzee. Dawa huwa tunatoa mara moja." Kisha kwa mlinzi, kwa upole uleule, "Nani kakuruhusu? Kesho bandarini unashuka na mzigo wako."

"Nishusheni mimi! Mimi ndiye niliyemlazimisha!"

"Hayo ni mambo ya ndani, mzee. Mama anakusubiri."

Na kweli alikuwa anasubiri. Kipaza alibaki katikati ya bati, kimfuko cha baridi mkononi.

"Nenda, mzee," alisema mlinzi bila kumtazama. "Nenda tu."

Akaenda.

Mama alijidunga, akalala, baada ya muda rangi ikamrudia usoni. Aliposikia habari yote hakumuuliza kuhusu pasi. Alisema, "Rudi ukamsemee. Wewe si Kipaza?"

Aliteremka tena. Meli ilikuwa imeshaondoka, sakafu inatetemeka. Kwenye kizuizi alisimama mtu mwingine, kijana wa sare hiyohiyo.

"Mwenzako aliyekuwa hapa yuko wapi?"

"Yupi, mzee? Zamu ni yangu."

"Wa makamo. Ana mvi."

"Tuko wengi. Anaitwa nani?"

Kipaza alifungua mdomo. Hakuwa amemuuliza yule mlinzi jina.