Mgomba wa Chumbani

Tangu kiharusi kimlaze, Nsajigwa hakuwa na neno lingine ila "mm". "Mm" ya ndiyo, "mm" ya hapana, "mm" ya nigeuze ubavu. Na aliyebaki kubahatisha ni mkewe, Esnath. Watu walimsifu, ati mke aliyekaa na mume miaka yote hiyo haambiwi, anajua mwenyewe. Sifa za bure hizo. Siku nyingi Esnath hakujua kitu. Alitoka nje akalia nyuma ya choo, akanawa uso, akarudi ndani kubahatisha tena.

Walikuwa wamehamia Bulyaga, mjini Tukuyu, kwa binti yao Lilian, ili wawe karibu na hospitali. Shamba la migomba lilibaki Kinyala, na roho ya Nsajigwa ilibaki hukohuko, maana mjini ulikuja mwili tu. Akakataa kula. Uji ulifika mdomoni, meno yakafungwa. Ndipo Esnath akarudi Kinyala, akang'oa chipukizi la mbalaga, ndizi aliyoipenda mumewe kuliko zote, akalileta limefungwa kwenye kanga. Alilipanda ndani ya ndoo, akaiweka ndoo dirishani mwa chumba cha mgonjwa. Jani la kwanza lilipokunjuka, Nsajigwa alilitazama asubuhi nzima, na uji ulipoletwa akafungua mdomo mwenyewe.

Basi uhai wa mzee ukawa umo ndani ya ndoo. Esnath alilijua hilo, na lilimtisha.

Mgomba nao hula. Mumewe hakuwahi kutia kitu shambani zaidi ya samadi. Waliotumia mbolea ya chumvichumvi aliwacheka, akisema wanailisha migomba yao pipi. Lakini Lilian alisimama mlangoni na tambara la kudekia mkononi, akakataa katakata.

"Mama, mavi ya ng'ombe chumbani kwa mgonjwa? Baba ana kidonda mgongoni, nzi watatumaliza. Tununue ya dukani."

"Baba yako hajawahi kuitaka."

"Baba hajawahi kulima chumbani, mama."

Esnath akamgeukia mgonjwa. Aliinama kitandani. "Baba Lilian, tutie chumvichumvi au samadi?"

"Mm," alisema Nsajigwa. Haya, nani angeielewa hiyo?

Ikaja ya dukani. Esnath akaitia kama tunavyotia watu wa Rungwe: kiganja kizima kuzunguka shina, na kingine cha kumtoa mtu wasiwasi. Kwetu mvua ni jirani asiyebisha hodi. Mbolea ukiizidisha leo, kesho nusu yake iko mtoni. Habari ya kuzidisha hakuna aliyewahi kumfundisha mwanamke wa Kinyala. Kisha akamwagia maji, kikombe kimoja tu, maana ndoo haikutobolewa chini, maji yasije yakachafua sakafu ya Lilian.

Majani yakaanza kuungua pembeni. Esnath akaona ni njaa, na mwenye njaa hulishwa, akaongeza kiganja. Yakaungua zaidi.

Nsajigwa akainua mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaunyoosha kuelekea dirishani. "Mm! Mm!" Jasho lilimtoka kwa kujitahidi.

Esnath akakifuata kidole kwa macho. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, na ng'ambo ya uzio lilisimama banda la ng'ombe la jirani yao, Asajile. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Samadi! Nimekusikia, mume wangu. Unisamehe, nilikaidi."

Nsajigwa akapiga godoro kwa ngumi. "Mm! Mm!" Esnath akadhani anamhimiza afanye haraka.

Lilian alipokwenda sokoni, mama mtu akavuka uzio, akaomba samadi kwa Asajile, mbichi, bado inafuka mvuke, akaijaza ndani ya ndoo juu ya ile ya dukani. Nyumba nzima ikanuka. Lilian aliporudi alifungua mdomo agombe, akauona uso wa mama yake, akachukua tambara lake la kudekia.

Jani la mwisho liliponyauka, Nsajigwa hakunyoosha mkono tena. Aligeukia ukuta, na meno yakafungwa.

Esnath akapiga magoti mbele ya ndoo. Samadi imeshindwa, chumvichumvi imeshindwa, na yeye hajui cha tatu. Alikwangua samadi pembeni ili alione shina, akakuta udongo umeshika ukoko mweupe. Akaugusa kwa kidole, akauonja. Ulikuwa mkali, chumvi tupu. Mbolea yote aliyoitia ilikuwa palepale. Hakuna hata punje iliyokwenda mtoni. Akainua macho. Kati ya dirisha na banda la Asajile mvua ilikuwa inanyesha, ileile ambayo mtu wa Tukuyu haioni tena kwa kuizoea. Mazoea yana taabu.

"Baba Lilian," alisema, "ulikuwa unanionyesha mvua?"

Nsajigwa akageuka polepole. "Mm," alisema, na hiyo Esnath aliielewa.

Aliiburuta ndoo mwenyewe hadi uani, akaitoboa chini kwa panga, akasimama nayo mvuani, kanga imemgandama mwilini, maji ya kahawia yakimpita miguuni. Lilian alimwita kutoka mlangoni, yeye akaiinamia ndoo. Alipolishika shina alinyooshe, likang'oka lote mkononi mwake, laini, mizizi imeoza. Pazia lilikuwa wazi na Nsajigwa alikuwa akitazama.

Aliingia ndani amelowa chapachapa, mikono mitupu.

"Kesho naenda Kinyala," alisema. "Nitakuletea mwingine. Huo nitakuwa nautoa nje unyeshewe, sitasahau."

Nsajigwa alimtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyomtazama zamani shambani kila mkewe alipomwambia kwamba leo haitanyesha, naye asiamini. Kisha akafumba macho. Esnath akavuta kigoda, akachukua bakuli, akachota kijiko cha uji na kukipeleka mdomoni mwa mumewe. Alikishikilia hapo, akamwita kwa jina, akamwita tena. Meno hayakufunguka, na uji ukapoa mkononi mwake.