Wanne Wasio na Cheti

Dada yangu alingoja mumewe afe ndipo awaandikishe watoto wanne wa mama yetu.

Simsemi vibaya shemeji. Alikuwa karani wa mahakama, mtu wa mihuri, na kwake asiye na cheti alikuwa bado hajawa mtu. Alikuwa na programu ya ukoo kwenye kompyuta yake ya Windows, na humo aliwapanga wote: aliyezaliwa lini, akaoa nani, akafa wapi, namba ya cheti pembeni. Lakini wanne waliozaliwa kati ya dada na mimi, wakafa wadogo, hawakuwahi kuandikwa popote, naye hakuwaingiza. "Niletee karatasi," alikuwa akimwambia mkewe. Dada hakuwa na karatasi. Alikuwa na mgongo uliowabeba na kichwa kilichowakumbuka. Wengine wote waliowajua walikuwa wameshakufa.

Mimi ndiye kitinda mimba, sikuwakuta. Nyumbani waliniita Kiguu, maana sikai. Nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara, nimeuza vitasa, nimelinda maghala, na shule yenyewe niliisoma vipande vipande. Safari hii nilirudi kwa sababu mpwa wangu aliniandikia: "Figo za mama zimechoka, mjomba. Ukichelewa shauri yako."

Nilikuta kompyuta ya shemeji imekufa, faili la ukoo limeokolewa kwenye flashi. Mpwa wangu, ambaye ni mfasiri wa nyaraka, ana kompyuta ya aina nyingine, Mac, na programu ile kwenye Mac haifungui hata mlango. Akamwita Mama Fundi, mwenye kibanda cha kompyuta nyuma ya benki. Akaja na miwani yake kichwani, akafunga kitu alichokiita mashine pepe: Windows nzima inaishi ndani ya Mac, kwenye dirisha lake, na haijui kama imepanga tu.

"Haijui kweli?" nikauliza.

"Haijui, mzee. Inadhani nyumba yote ni yake."

"Basi inaishi vizuri kuliko mimi."

Dada akacheka pale kitandani mpaka akakohoa.

Kabla ya kuondoka Mama Fundi akaipiga mashine ile picha, si ya kamera, bali namna ya kuhifadhi jinsi ilivyo siku hiyo. "Ikigoma kabisa, bonyezeni hapa. Itarudi kama ilivyo leo. Ila faili lenu liwekeni huku upande wa Mac, msiliache ndani." Mpwa wangu akasema sawa, simu ya kazini ikaita, na faili likabaki ndani. Mimi niliyasikia yote mawili wala sikuyaunganisha.

Kwa siku tatu, mpwa akiwa kazini, dada alisema na mimi nikaandika. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, Mac juu ya stuli, nikichapa kwa kidole kimoja. Alitaja jina la mtoto, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa.

"Umeandika?"

"Bado. Natafuta herufi."

"Kiguu, dunia yote umeizunguka, herufi inakupotea kwenye ubao mdogo hivyo?"

"Dunia haikupangwa ovyo namna hii."

Jina likishaingia, nilikuwa nimechoka, natoa mkono, nanyoosha mgongo. Hapo ndipo alipokuwa akisimulia. Yule wa kwanza alikuwa na kidole cha sita mkono wa kushoto, na alikuwa akikinyonya hicho hicho. Wa pili hakulala bila kushika sikio la mtu. Wa tatu alijua neno moja tu, "bado", akiulizwa kama ameshiba, kama amelala, kama anaumwa. Hayo sikuyaandika. Yalikuwa marefu na kidole changu kimoja. Nilisikiliza tu.

Siku ya tatu, jioni haijaingia, akamtaja wa nne, nikaandika. Akavuta pumzi ndefu. "Basi. Nimewatua." Akageukia ukutani akalala, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani na mzigo wa kuni akaushusha mlangoni.

Kesho yake dirisha la Windows liliganda. Nilibonyeza hiki na kile, kishale hakikusogea. Mtu mwenye subira angengoja mpwa arudi. Mimi subira sina, ningekuwa nayo ningekuwa na nyumba. Nikakumbuka kitufe cha Mama Fundi. Nikakibonyeza. Likatokea swali kwa Kiingereza, nikasoma maneno niliyoyajua na mengine nikayaruka, kama nilivyojaza fomu za mipakani maisha yangu yote. Nikakubali.

Mashine ikaamka, nyepesi, kama mpya. Nikafungua ukoo. Chini ya jina la mama palikuwa na dada, palikuwa na mimi. Katikati hapakuwa na mtu.

Nilibeba Mac kwapani hadi kibandani. Mama Fundi alisikiliza, akashusha miwani, akatafuta kwa muda mrefu. "Mzee, umeirudisha siku ile niliyokuja. Kilichoingia baada ya hapo kimefutika."

"Hata kidogo hakipo?"

"Hata kidogo. Si alisimulia mtu? Muulizeni tena."

Nilirudi nusu nakimbia. Nikajaribu majina njiani. Niliyaandika mwenyewe, herufi kwa herufi, lakini herufi ndizo nilizokuwa nikizitazama. Halikuja hata moja.

Dada alikuwa macho, sauti imekuwa nyembamba.

"Dada, yule wa kidole cha sita, jina lake nani vile?"

Akanitazama kwa kicheko. "Umeandika wewe, waniuliza mimi?"

"Nimesahau tu."

"Mimi nimeshawatua. Kichwa ni cheupe, Kiguu, hujui raha yake." Akafumba macho. "Nisomee. Nataka kusikia wakisomwa."

Nikaifungua Mac kwenye magoti. Macho yake hayakuona mbali, angeona mwanga tu. Nikamsomea pale pasipoandikwa kitu. Nikamwambia yupo mwenye kidole cha sita, anakinyonya. Yupo anayeshika sikio la mtu. Yupo wa bado. Kwa kila mmoja dada akaitikia, "Ndiye."

"Umewaandika wote?"

"Niliwaandika wote, dada." Na hilo lilikuwa kweli.

Hakungoja wa nne. Alikuwa amelala. Siku ya pili yake aliamka bila maneno, na ya tatu hakuamka kabisa.

Tulipotoka kuzika nilimwambia mpwa wangu. Nilimwambia sebuleni, viti vya wageni bado havijarudishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeondoka kwenye kila kitu, mjomba," akasema. "Mara moja tu umekaa, na ndiyo hii."

Nilitaka kusema kuhusu faili, nani aliambiwa alihamishe. Nikaona macho yake, nikajua analijua hilo kuliko mimi.

Baadaye akaileta Mac mezani. Akaongeza watoto wanne kati ya mama yake na mimi. Mahali pa jina pakabaki patupu, na programu yenyewe ikajaza: hajulikani. Pembeni, ambapo shemeji alikuwa akiweka namba ya cheti, akaandika niliyomwambia. Kidole cha sita. Sikio. Bado.

Kwa wa nne programu ikauliza kwanza, kama ilivyouliza kwa wenzake: wa kiume au wa kike?

Mpwa akanigeukia, mkono juu ya kipanya. "Huyu?"

Alikuwa wa mwisho, siku ya mwisho, na dada alikuwa amechoka. Jina lake nililiandika. Hadithi yake sikumuuliza.

"Sijui," nikasema.

Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Kisha akachagua jibu la tatu, haijulikani, akalihifadhi faili upande wa Mac, akaenda kurudisha viti vya watu.