Maneno Nyuma ya Picha

Kaka yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikisimulia jambo hili huwa napandwa na hasira, na wanaonisikia hudhani namsema adui. Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na kama si yeye duka la viatu la baba yetu lingekuwa limefungwa zamani. Ila jambo lenyewe lilianzia mdomoni mwake, kwa hiyo na yeye atavumilia.

Baba alikuwa akiwashonea watu ambao madukani hawapati kiatu kinachowafaa. Mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye vidole vilivyopandana, mwenye unyayo mpana usioingia popote, wote walikuwa watu wake. Kisha macho yakaanza kumwacha. Kwanza ilipotea sindano, zikafuata alama za chaki kwenye ngozi, mwisho nyuso zetu. Daktari hakuzunguka mbuyu, alisema hayatarudi. Baba akamkabidhi kisu fundi aliyemfundisha mwenyewe, akahamia kiti cha pembeni karibu na kabati la soli, akabakiwa na kazi moja tu. Kila Jumatatu asubuhi aliwaandikia wateja barua pepe.

Yeye alisema, mimi nikachapa. Haikuwa na picha wala rangi, maneno matupu tu, kama unavyomwandikia shangazi yako. "Wateja wangu, habari za nyumbani. Imeingia ngozi laini ya kahawia, haisugui kisigino. Msije kupimwa asubuhi, mguu wa asubuhi ni mwongo, njooni jioni ukiwa umevimba tuelewane nao. Na yule bwana anayelalamika kwamba kiatu chake kinalia, akilete, tutakibembeleza." Mistari hiyo ilimchukua asubuhi nzima. Majibu yakija nilimsomea, na siku hiyo alikula vizuri.

Kaka ndiye anayeshika mauzo. Asubuhi moja alifika dukani na kompyuta kwapani, akavuta kigoda mbele ya Baba.

"Baba, barua zako ni tamu, lakini hazivutii. Watu siku hizi hawasomi."

"Kizuri chajiuza, mwanangu."

"Hiyo zamani, Baba. Siku hizi hata kizuri kinajitembeza, tena kimejipaka poda."

Tulicheka wote, hata Baba. Kaka akapata moto. Akaeleza picha kubwa ya kiatu, rangi nzuri, kitufe cha kuagizia chini yake. "Mtu akifungua tu, anakiona kiatu. Huna haja ya kumweleza. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kisha akasikia alichokisema. Fundi aliacha kugonga. Mimi nilimkazia kaka jicho ambalo kama lingekuwa nyundo, leo asingekuwa na meno.

"Endelea," Baba alisema. "Nakusikiliza."

Jaribio lilikuwa wazo la Baba mwenyewe, maana hakupenda mtu aseme amependelewa. Nusu ya wateja wapate barua yake ya maneno matupu, nusu wapate iliyopambwa na kaka. Itakayoleta oda nyingi ndiyo ibaki. "Ikishinda ya kaka yako, mimi nitapumzika," aliniambia. Alisema kwa sauti nyepesi, ila mimi nilijua. Bila Jumatatu yake, Baba angekuwa mgeni katika duka alilolijenga kwa mikono yake.

Niliyatunza matokeo mimi, na niliomba Mungu kama watu wanavyoombea timu yao. Haikusaidia. Ya kaka ilishinda kwa mbali. Niliyageuza matokeo kama mtu anayetafuta funguo mkobani, nikitafuta kosa, nisilione. Barua ya Baba ilipata majibu, tena mengi: watu waliulizia macho yake, mama mmoja alieleza alivyomzika mumewe na viatu vyake vya duka letu. Lakini majibu hayaagizi viatu.

"Mdogo wangu," kaka aliniambia taratibu, "mwenye nyumba hapokei salamu badala ya kodi."

Nikaenda kwa Baba.

"Yako imeshindwa, Baba."

"Kwa mbali?"

"Kwa mbali."

"Basi ni haki," alisema, akauliza kama mvua imeanza.

Jumatatu zilizofuata alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti. Chai ilipoa mbele yake. Kaka naye aliumia, nisimnyime haki yake. Yeye ndiye aliyesema picha ya Baba iwekwe juu kabisa ya barua, kabla ya viatu, wateja wajue duka bado ni lake. Akamleta mpiga picha. Baba alinyolewa ndevu, akavaa shati la kitenge.

"Nitazame wapi?" aliuliza.

"Ifuate sauti yangu, mzee," mpiga picha alisema, na Baba akatabasamu kuelekea kwenye sauti.

Picha ilitoka nzuri mno. Oda zikaongezeka.

Sasa, barua ile ya kaka yote ilikuwa picha moja, hata maneno yake yalikuwa yamechorwa humo ndani. Na simu ya Baba ni ile inayomsomea kila kinachoingia. Barua ilipofika, Baba akaiweka sikioni akisubiri. Simu ikasema, "Picha." Ikatulia. Ikasema, "Kitufe." Ikanyamaza.

"Ndiyo hiyo tu?" Baba aliuliza.

Nilimfuata kaka nikiwa nimefura. Nyuma ya kila picha kuna mahali pa kuandika maelezo, kwa ajili ya mtu asiyeona. Jicho haliyaoni, simu ndiyo inayoyasoma. Kaka alipaacha patupu. "Hata baba yako mzazi?" nilimwambia. Akashika kichwa. Hakufikiria, na nilimwamini, kwa kuwa watu wazuri ndivyo wanavyoumiza, kwa kutofikiria. "Pajaze wewe," akaniomba.

Nikarudi kwa Baba na kompyuta. "Baba, nipe maneno machache ya kwenda na picha."

Mimi nilikusudia machache kweli. Lakini Baba alikaa wima, akakohoa, akaanza, "Wateja wangu, habari za nyumbani." Ningemkatiza na mdomo gani? Nikachapa barua nzima, mpaka salamu za mwisho, nikaificha nyuma ya uso wake. Mtu akiniuliza leo, nitamjibu kwamba ningefanya tena.

Simu yake ikamsomea, mwanzo hadi mwisho. Akatabasamu tabasamu ambalo mpiga picha hakulipata.

"Kumbe mmenirudisha," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Akarudiwa na uhai. Kila Jumatatu tulikaa pamoja, na kaka alipita akituona, akanyamaza. Chai ikawa inanyweka ingali moto. Kisha Baba akaanza kuulizia majibu.

"Bado, Baba."

"Watu wana shughuli zao."

Wiki iliyofuata akatega. "Niambieni, wateja wangu, nani bado anacho kiatu cha kwanza nilichomshonea?" Alikuwa na hakika watajibu, maana watu hupenda kuulizwa. Hakujibu mtu. Akaanza kujikagua. Akaniomba nifute utani kuhusu kiatu kinacholia, huenda yule bwana alichukia. Akafuta salamu, pengine ni ndefu mno. "Labda nimewaudhi," aliniambia, na kila Jumatatu barua ilizidi kuwa fupi na ya woga, kama ya mtu anayebisha hodi nyumba asiyokaribishwa. Roho iliniuma. Nilijiambia nitamweleza kesho, na kesho ilipofika nikachapa tena.

Akaja nesi mmoja wa zamu za mchana, mteja wa miaka mingi, kubadilisha kisigino.

"Mzee wangu!" alisema tangu mlangoni. "Kila wiki nakuona kwenye simu yangu unavyotabasamu. Umependeza, unaweza kutafutiwa mchumba!"

Baba akacheka. "Na swali langu mbona hukulijibu? La kiatu cha kwanza."

"Swali gani, mzee?"

"Nililouliza kwenye barua."

"Barua? Hutuandikii siku hizi. Nilisema nikija nitakuuliza kwa nini umetususia. Tunaona picha tu."

Nilikuwa nimesimama na boksi la viatu mkononi. Nesi aliniangalia, akamwangalia Baba, akaelewa kwamba amekanyaga pabaya. Akaacha kiatu kwa fundi, akaaga haraka.

"Mwanangu," Baba alisema. "Maneno yangu yako wapi?"

"Nyuma ya picha, Baba."

"Nani anayaona?"

"Hayaonekani. Yanasomwa na simu ya mtu asiyeona."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepima ngozi. "Na wateja wetu wasioona ni wangapi?"

Ningeweza kumdanganya.

"Simjui mwingine, Baba. Ni wewe tu."

Hakukasirika. Afadhali angenifokea, ningejua pa kushika. Alisema kitu ambacho hadi leo kinanikata maini.

"Mimi nilikuwa nafuta utani."

Nikalia pale pale mbele ya fundi. Kaka alitukuta hivyo. Aliposikia yaliyotokea alipiga magoti mbele ya kiti cha Baba, suruali yake ya ofisini kwenye vumbi la ngozi. "Baba, turudishe barua zako. Jumatatu hii hii, kwa wateja wote. Picha tuziache."

"Na duka?"

Sote watatu tulikuwa tunajua jibu, na fundi pia, ambaye ana watoto wanaosoma.

"Basi inuka," Baba alimwambia, akimpapasa bega. "Inuka, utachafua suruali."

Jumatatu nilidhani hataniita. Nilikuwa nafuta kabati la soli ili nisikae bure, nikasikia jina langu. Nikaketi karibu naye, nikafungua kompyuta, picha yake ikajaa kwenye kioo, amenyolewa, amependeza.

"Pale nyuma," alisema, "panapaswa kuandikwa nini? Kwa kawaida yake."

"Kinachoonekana kwenye picha, Baba."

"Kinaonekana nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Andika basi," akasema. "Mwanamume mzee. Anatabasamu."

Nikaandika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Baba."

"Tuma."